Kula mbele yako: maana yake kwenye sinia na kwenye meza ya hoteli

Mtoto wa Unguja au Pemba huyasikia maneno haya kabla hajajua kusoma: "Kula mbele yako." Huambiwa pale mkono wake unapolivuka sinia kukifuata kiazi kilicho upande wa mwenzake. Maana ya juu ni nyepesi. Chakula kikiwa kimoja na walaji wengi, kila mtu ale upande unaoelekea kifuani kwake. Lakini mimi nimehudumu mezani miaka kadhaa hapa Mji Mkongwe, na kila nikiitazama meza iliyopangwa uma tatu na gilasi nne naona ni maneno hayohayo, ila yameandikwa kwa vyuma na vioo.

Asili yake kwetu ni chuoni, tunakosomeshwa Kurani. Umar bin Abi Salama, kijana aliyelelewa nyumbani kwa Mtume, alikuwa akila huku mkono wake ukizunguka sahani nzima. Akaambiwa: "Ewe kijana, mtaje Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho mbele yako." Mafundisho matatu kwa pumzi moja, nasi watoto tulihifadhishwa hivyo hivyo, kwa mpangilio huo huo. Yako na mengine ya jamii hiyo: kwamba baraka hushuka katikati ya chakula, basi mtu aanzie pembeni, na kwamba asichukue tende mbili kwa mpigo mpaka wenzake wamruhusu. Hili la tende hulikumbuka kila Ramadhani, sahani moja ikiwa kati na watu sita wanasubiri adhana.

Tazama sinia la biriani kwenye walima. Likishatua mkekani, watu watano hulizunguka, goti moja limesimama na jingine limelazwa ili nafasi itoshe. Hakuna mstari uliochorwa. Lakini litazame tena baada ya dakika kumi: utaona mashimo matano kwenye wali, kila mtu na lake, na kuta nyembamba zimebaki baina yao. Kuta hizo hazibomolewi kwa makusudi. Zikianza kuporomoka zenyewe, chakula kinakaribia kwisha, na hapo ndipo mtu anapojulikana alivyolelewa. Aliyefunzwa husukuma wali wa upande wake uelekee kwa jirani. Asiyefunzwa huuvuta.

Nyama haina mbele. Imekaa katikati, na mgeni wa mambo hudhani ni ya atakayewahi. Sivyo. Ni ya mkubwa wa sinia, naye huimega kwa vidole na kumwekea kila mmoja kipande mbele yake, aghalabu yeye mwenyewe akibakiwa na kilicho karibu na mfupa. Ukishawekewa hutazami cha mwenzako. Babu yangu, kule Wete, Pemba, alikuwa akinigusa kifundo cha mkono kwa kidole kimoja tu, bila ya neno, nami najua macho yangu yamesafiri.

Kuna jambo jingine ambalo halionekani mpaka uonyeshwe. Mkubwa aliyeshiba haondoi mkono. Huokota punje mbili, akatulia, akaokota tena, ili mgeni asione amebaki peke yake akala kwa haya. Akiondoa mkono mapema, sinia zima husimama nalo. Kwa hiyo "mbele yako" si mahali tu bali na mwendo pia: huendi mbio kuliko wenzio, wala huwaachi.

Neno lenyewe adabu lina siri yake. Tumelipata kwenye Kiarabu, na katika lugha hiyo mzizi wake ndio huo huo wa neno lenye maana ya karamu, chakula ambacho watu wamealikwa kukilia. Tangu mwanzo, adabu na kualika watu kula vimekaa nyumba moja. Napenda sana kuwaeleza hili vijana wanaoanza kazi ya hoteli, kwa sababu wengi huja wakiamini kwamba adabu za mezani ni kitu kilichoshuka na ndege.

Meza ya hoteli kubwa hufanya kwa vyombo kile ambacho sinia hufanya kwa hisia. Sahani yako iko kati. Uma kushoto, visu na kijiko cha supu kulia, makali ya kisu yakielekea sahani. Kisahani cha mkate kushoto juu ya uma, gilasi kulia juu ya visu. Vyote vilivyomo ndani ya mipaka hiyo ndiyo mbele yako. Unaanza na vyombo vya nje kabisa, na kila sahani inayoondolewa huondoka na vyombo vyake, mpaka ufike vya ndani. Mtu hana haja ya kukariri majina ya uma. Mpangaji wa meza ameshakufikiria, wewe fuata tu kutoka nje kuingia ndani.

Kwa nini basi vyombo vingi hivyo? Kwa sababu chakula huja kimoja kimoja. Ulaya yenyewe haikuwa hivyo siku zote. Karamu ya Kifaransa ya zamani ilitandazwa yote kwa pamoja, mabakuli na masahani yamejaa meza, na mlaji akila vile alivyovifikia bila kusumbua watu. Yaani na wao walikula mbele yao, kama sisi. Desturi ya kuleta chakula kwa zamu, kikiwa bado cha moto, huitwa ya Kirusi, na balozi wa Urusi mjini Paris, Alexander Kurakin, anatajwa kuwa ndiye aliyeiingiza huko mwaka 1810. Kwetu, Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886 jinsi walivyokula kwa mkono wa kulia kwenye jumba la baba yake, bila ya uma wala kisu. Na hakuna aliyeweza kusema kwamba nyumba ile haikuwa na adabu.

Nilijifunza uzito wa mipaka hii siku niliyoalikwa chakula cha usiku kwenye hoteli moja ya ufukweni, meza ya watu kumi. Nilinyoosha mkono wa kulia, nikachukua mkate ulio kulia kwangu. Nilimega, nikala. Ulikuwa mkate wa bibi aliyekaa ubavuni mwangu. Naye hakusema kitu. Alimwita mhudumu, akaomba mkate kwa sauti ya chini kabisa, kana kwamba alisahauliwa. Nilipoelewa, mwili ulinisisimka. Nilikuwa nimelivuka sinia. Na yeye alifanya kile kile alichokuwa akikifanya babu: alinistahi mbele za watu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwambia kila anayeniuliza: mkate wako uko kushoto, maji yako yako kulia.

Hapa pana jambo linalowatia watu wetu wengi shaka, nalo linastahili kusemwa waziwazi. Mtindo wa Ulaya unataka uma mkono wa kushoto na kisu mkono wa kulia, na chakula kiingie kinywani kwa uma, yaani kwa kushoto. Mtu aliyefunzwa tangu utotoni kwamba mkono wa kula ni wa kulia anabaki njia panda: aonekane hajui, au afanye asichotaka? Hana haja ya kuchagua. Kata vipande viwili vitatu kwa kisu, kilaze kisu ukingoni mwa sahani, hamishia uma mkono wa kulia, kisha kula. Wamarekani wengi hula hivyo hivyo nyumbani kwao na kwenye karamu zao, na hakuna meza ya heshima duniani inayowaona washamba. Mhudumu mzuri wa Zanzibar anayajua haya, na akimwona mgeni wake amevaa kanzu au buibui anaangalia mkono ule bila ya kuukodolea macho, akamwongezea kijiko upande wa kulia kabla hajaombwa.

Vyombo husema pia. Uma na kisu vikilazwa pamoja sambamba juu ya sahani, maana yake umemaliza. Vikiachwa vimetengana, unapumzika tu. Kitambaa hukaa mapajani. Ukinyanyuka kwa muda, kiache juu ya kiti. Kwenye mkeka ishara ya kumaliza ni alhamdulillahi na kuomba maji ya kunawa, na inafahamika upesi zaidi.

Zanzibar ya leo ina kila aina ya mahali pa kuyajaribu haya. Neno letu mgahawa lina kahawa ndani yake, na kweli wengi bado wanauanza mji kwa kikombe kidogo cha kahawa chungu barazani, Jaws Corner au kwengineko, ambako mbele yako ni upana wa makalio yako tu na unasogea akifika mwengine. Bustani ya Forodhani, usiku, hapana meza: unakula pweza na mishkaki umesimama, juisi ya miwa mkono mmoja, na adabu pale ni kutomziba mwenzio njia ya jiko. Mgahawa wa Lukmaan, pale Mkunazini, unapanga foleni, unaonyesha chakula unachokitaka kikiwa mbele ya macho yako, kisha unakwenda kutafuta meza, na kukaa meza moja na usiowajua ni jambo la kawaida. Sema "salamu alaykum" kabla ya kuvuta kiti. Juu ya paa la hoteli ya mtaa wa Hurumzi watu huvua viatu, hukaa juu ya mazulia na mito, na chakula huja kwa zamu jua likizama: Ulaya na mkeka wamekutana. Na huko Michamvi Pingwe uko ule mgahawa uliojengwa juu ya mwamba baharini, unaufikia kwa miguu maji yakitoka na kwa mashua maji yakijaa. Mahali pa namna hiyo huweki nafasi ukachelewa, kwa sababu kuchelewa kwako kunakula muda wa aliyewekwa baada yako, na huo muda ndio uliokuwa mbele yake.

Kwa maana hiyo hiyo, Ramadhani, kula au kunywa njiani mchana mbele ya waliofunga ni kulivuka sinia, hata kama chakula ni chako na pesa ni zako. Mikahawa mingi ya mjini hufunga mchana, na mingine hutega pazia. Mgeni akiambiwa kwa upole anaelewa. Asiyeambiwa hana makosa, na lawama ni yetu wenyeji.

Kitu kimoja kinaniuma. Vijana wetu hufundishwa kwa bidii kupanga uma kwa vipimo, lakini ni nadra kuona mgeni akifundishwa kukaa kwenye sinia. Huwekewa sahani yake peke yake, wali wetu umefinyangwa kama kofia, na anarudi kwao bila ya kujua kwamba chakula hiki kina kanuni. Ningependa kila hoteli inayojiita ya Kiswahili iwe na usiku mmoja wa sinia, kawa likifunuliwa mezani na mkubwa wa meza akitajwa.

Ukialikwa kwenye meza kama hiyo, usiwe na wasiwasi. Birika litakapoletwa, nyoosha mikono yote miwili juu ya tasa, uwaache wakubwa waanze, na maji yakikutosha sema "basi". Tia bismillahi au kaa kimya kidogo wenzio wakitia. Kisha lainisha wali kwa ncha za vidole, ufanye tonge dogo, uanzie pembeni. Nyama iache. Utawekewa.