Nani Alifunga Hicho Kifurushi?

Tarehe 11 Novemba 2012, mradi wa FreeBSD, mfumo endeshi huria wa kompyuta, uligundua kuwa kompyuta zake mbili zimeingiliwa. Mwingiliaji hakuvunja kufuli lolote. Alikuwa na ufunguo wa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) wa msanidi mmoja, ufunguo halali kabisa, uliovuja. Mfumo endeshi wenyewe haukuguswa. Kompyuta zile zilihusika na kutengeneza vifurushi vya programu za nje. Uchunguzi haukukuta kifurushi kilichochezewa, ila hakuna aliyeweza kuapa kwamba hakipo. Waliosakinisha vifurushi kuanzia 19 Septemba hadi siku ile wakashauriwa wafikirie kusakinisha mashine upya kabisa.

Kifurushi ninachosema hapa si cha bando la simu. Ni programu iliyokwisha kukompailiwa (kugeuzwa kutoka msimbo kuwa kitu kompyuta inachoweza kukiendesha) na kufungwa pamoja na maelezo yake: mafaili yaliyomo, yanakokwenda, na programu nyingine inazozitegemea. Nginx (seva ya wavuti), PostgreSQL (hifadhidata) na Firefox (kivinjari) hazitengenezwi na FreeBSD. Mradi unazifunga tu ili zikae vizuri kwenye mfumo wake.

Enzi zile vifurushi havikuwa na saini ya kidijiti, ile alama inayothibitisha nani aliyevifunga. Ulichopakua ulikipokea kwa imani, kama mzigo uliokabidhiwa kondakta wa basi. Kusasisha nako kulikuwa mateso: zana za zamani hazikuwa na amri ya kupandisha toleo, watu wakategemea programu za pembeni kama portupgrade na portmaster.

Zana mpya, pkg, ilikuwa tayari inaandaliwa. FreeBSD 10.0 ilipotoka Januari 2014, ndiyo iliyokuwa zana ya kawaida, na Septemba mwaka huo zile za zamani zikastaafishwa. Kumbukumbu za vilivyosakinishwa, zilizokuwa zimetapakaa kwenye mafaili ya maandishi, zikahamia kwenye hifadhidata moja ya SQLite. Orodha ya vifurushi ikawa na saini, na pkg hukataa isiyolingana na ufunguo inaouamini. Ufungaji wenyewe ukahamia Poudriere, neno la Kifaransa lenye maana ya ghala la baruti (wasanidi nao wana utani wao). Humo kila programu hukompailiwa ndani ya chumba kitupu, na kama imesahau kutaja inachokitegemea, inakwama hapohapo badala ya kuja kukwama kwako.

Kuna jambo la zamani ambalo halikuhitaji kurekebishwa, na mimi nalipenda kuliko yote: programu za nje hukaa chini ya /usr/local, mbali na mfumo. Mipangilio ya nginx iko /usr/local/etc/nginx. Ya SSH iliyokuja na mfumo iko /etc/ssh. Ukikuta faili usilolijua chini ya /usr/local, andika pkg which na njia yake, utaambiwa ni kifurushi gani kililileta. Kama hakipo, keti uanze kuuliza maswali.

Saini, hata hivyo, inathibitisha mfungaji tu. Programu iliyofungwa kwa uaminifu inaweza kuwa na tundu tangu kwa mtunzi wake. Kwa hilo kuna pkg audit -F, inayopakua orodha ya udhaifu unaojulikana na kuilinganisha na vilivyomo kwenye seva yako. Ofisini kwetu tunaiendesha kila asubuhi, kabla ya chai.