"Mpelekeni FDC akashike cherehani": maneno ya mtaani na ukweli wake

Mtoto wa jirani akipata ziro kidato cha nne, ushauri wa kwanza mtaani huwa huo: mpelekeni FDC. Husemwa kwa huruma, lakini ndani yake mna hukumu. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ndiyo hizo FDC, vimebebeshwa maneno mengi, na ukiyafuatilia unakuta hayakuzuka hewani. Mengi yaliwahi kuwa kweli, au nusu kweli. Hali ikabadilika, maneno yakabaki.

"Cheti cha FDC hakitambuliki popote"

Hili lina historia. Vyuo hivi vilianza 1975, wakati wa Mwalimu Nyerere, kwa mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, nchi iliyosaidia pia kuvianzisha. Huko Skandinavia wazo lenyewe ni la zamani zaidi: Mdenmark N.F.S. Grundtvig ndiye aliyelipigia debe, na chuo cha kwanza kikafunguliwa Rødding mwaka 1844. Alitaka mtu mzima asome ili ajitambue, si akimbizane na mitihani. Mbegu hiyo ilikuja nayo Tanzania. Mwananchi alijifunza uashi, useremala, kushona au kufuga, akarudi kwao kuutumia ujuzi wake. Nani kijijini angemdai cheti?

Leo FDC za serikali ni 54, ziko chini ya Wizara ya Elimu, na kozi zake nyingi za muda mrefu hufuata mtaala wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Mwenye ngazi ya tatu, akitimiza vigezo vya kozi anayoitaka, anaomba ngazi ya nne kwenye chuo cha ufundi na anaweza kupanda hadi stashahada. Kwa fundi umeme karatasi hiyo si pambo: leseni ya kufunga umeme, inayotolewa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, huombwa kwa cheti, si kwa sifa za mtaani.

Ila tusidanganyane. Kozi fupi ya wiki kadhaa au miezi michache mara nyingi humpa mtu cheti cha chuo chenyewe tu. Kabla ya kulipa ada, ulizia ofisini kozi hiyo inaishia kwenye cheti gani.

"Hesabu na Kiingereza za nini? Nimekuja kujifunza ufundi"

Hii husemwa na wanafunzi wenyewe, na ndiyo inayonikera zaidi. Mwaka jana nilitaka kuweka marumaru sebuleni. Fundi aliingia, akazungusha macho, akasema, "Mama, nunua themanini, zitatosha." Chumba ni mita 4 kwa 3.5, yaani mita za mraba 14. Marumaru ya sentimita 40 kwa 40 hufunika mita za mraba 0.16. Gawanya: 88, na hapo hujakata hata moja ya pembeni wala haijavunjika hata moja. Ukiongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika unafika 97. Nilirudi dukani, nikakuta mzigo mpya wenye rangi tofauti kidogo na ule wa kwanza. Mstari huo upo hadi leo pale karibu na mlango, na kila mgeni anauliza.

Mikono ya fundi yule haina tatizo, anapanga marumaru vizuri kweli. Alichokosa ni hesabu ya darasa la sita. Hali kadhalika Kiingereza: kibati cha mota ya umeme kimeandikwa volti na ampea zake kwa lugha hiyo, na asiyekisoma atabahatisha kwa mali ya mtu.

"FDC ni ya wasichana waliopata mimba, na ukiingia huko shule ndiyo imeisha"

Dhana mbili zimefungwa kamba moja. Mpaka Novemba 2021 msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi kwenye shule ya serikali. FDC ilimpokea, na ndiyo maana jina likaganda. Katika mpango wa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania, wasichana walioacha shule husoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na watoto wao hulelewa pale pale chuoni wakati mama yuko darasani. Karakana iliyo jirani hapo hapo chuoni, hata hivyo, imejaa vijana wa kiume, watu wazima, na wenye vyeti vizuri vya kidato cha nne walioamua tu kushika spana.

Kuhusu shule kuisha: aliyeishia la saba anaweza kujisajili NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kufanya Mtihani wa Maarifa, ule watu wanaouita QT. Akifaulu, anafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Si njia nyepesi, hasa kwa mtu mwenye mtoto mgongoni na mteja anayesubiri gauni, lakini ipo.

"Mimi nimejifunzia saiti, nimechelewa"

Hujachelewa. VETA hurasimisha ujuzi uliopatikana kazini: unapimwa ulivyo, mapengo yanazibwa kwa mafunzo mafupi, unapewa cheti. Yule fundi wangu nimemweleza. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza kama kwenye huo upimaji kuna hesabu.