Umri wa kipimo katika mifumo ya udhibiti

Kipimo kinaweza kuwa sahihi kabisa na bado kikaharibu kazi. Tuseme kuna tanki la maji Ruashi, hapa Lubumbashi. Pampu iko mbali, na sensa, yaani kifaa cha kupimia, inatuma kina cha maji kwa mtandao wa simu. Maji yanapanda sentimita 2 kwa dakika. Kipimo kikichelewa dakika 5, mtambo unaoamuru pampu unaona maji yakiwa sentimita 10 chini ya yalipo. Tanki linafurika, na fundi anapanda kubadilisha sensa isiyo na kosa lolote.

Umri wa kipimo ni muda uliopita tangu hali yenyewe ilipopimwa hadi kipimo kinapotumika kutoa amri. Kuchelewa njiani ni sehemu yake tu. Kipimo kikisafiri sekunde 1, na kingine kikatumwa kila baada ya sekunde 30, cha kwanza kitazeeka hadi sekunde 31 kabla ya kupata mrithi.

Basi tutume mara nyingi zaidi? Mwaka 2012 watafiti Kaul, Yates na Gruteser walionyesha kwamba hilo lina mpaka. Katika mfano rahisi wa foleni moja, ambamo anayetangulia huhudumiwa kwanza, umri wa wastani huwa mdogo zaidi njia ikiwa na kazi takriban 53% ya muda. Ukizidisha, vipimo vipya vinapanga mstari nyuma ya vya zamani. Dawa ni kutupa cha zamani kila kipya kinapofika. Itifaki ya TCP, kanuni ya kusafirisha data kwenye intaneti, hufanya kinyume: pakiti (kifurushi cha data) ikipotea, zinazofuata husubiri itumwe tena. Kwa barua pepe ni jambo jema, kwa tanki ni hasara.

Kuchelewa kusikobadilika kunavumilika, maana unaongeza zile sentimita 10 kwenye hesabu yakaisha. Kinachosumbua ni leo sekunde 2, kesho dakika 4. Hapo kila kipimo kibebe saa yake, iliyopigwa kwenye sensa. Wengi huandika saa ya kufika kwenye seva, na mimi naona ni afadhali wasingeandika kitu, kwa sababu kipimo kilichozeeka kinavikwa ujana.

Kwenye umeme saa ni kali zaidi. Laini ya umeme kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi ina takriban kilomita 1,700. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo hukata safari hiyo kwa milisekunde 8.5 hivi, na hakuna modemu itakayoipunguza. Kwenye umeme wa hezi 50, wimbi moja, yaani mzunguko wa digrii 360, huchukua milisekunde 20, hivyo milisekunde 1 tu ni digrii 18 za pembe ya wimbi. Ndiyo maana vipimo vya pembe kutoka vituo viwili hupigwa saa ya setilaiti za GPS kabla ya kulinganishwa.

Mtandao ukikatika, programu nyingi hushikilia kipimo cha mwisho kana kwamba ni cha sasa hivi. Kwa tanki letu ningeweka kikomo: dakika 2 bila kipimo kipya, pampu izimwe.