Chokoleti ya peremende isiyopauka wala kubanduka

Pipi hii ya sikukuu haina mambo mengi: tabaka la chokoleti nyeusi, la chokoleti nyeupe juu yake, mafuta ya peremende, na pipi ngumu za peremende zilizopondwa. Ndiyo maana wengi huyeyusha, humwaga, kisha kesho yake hushangaa imelainika, ina mabaka ya kijivu na tabaka la juu linabanduka. Karibu kila mara chanzo ni joto au maji.

Kwa trei ya sentimita 23 kwa 33, pima gramu 300 za chokoleti nyeusi, 300 za nyeupe na 80 za pipi. Soma lebo: chokoleti zote mbili ziwe na siagi ya kakao. Iliyotengenezwa kwa mafuta mengine ya mimea huganda bila usumbufu, ila usiichanganye na chokoleti halisi. Mafuta hayo hayapatani.

Siagi ya kakao inaweza kuganda katika fuwele za aina sita, na ni aina ya tano tu inayotoa mng'ao na ule mlio wa kukatika. Kuipata si uchawi. Katakata chokoleti nyeusi yote, weka gramu 100 kando, na yeyusha 200 ndani ya bakuli lililo juu ya sufuria ya maji yanayotokota polepole, bila bakuli kugusa maji, hadi nyuzi 45 hadi 48. Ipua, futa kitako cha bakuli kikauke, kisha tia zile gramu 100 kidogo kidogo ukikoroga mpaka kipimajoto kisome 31 au 32. Vipande hivyo vigumu vina fuwele sahihi tayari, navyo huzisambaza kwenye chokoleti yote. Chovya ncha ya kisu: ikiganda kwa kung'aa ndani ya dakika tano, uko sawa. Ikibaki na michirizi, endelea kukoroga.

Tone moja la maji huharibu kila kitu. Sukari na unga wa kakao hushikamana, na chokoleti hugeuka ghafla kuwa donge la chengachenga. Donge hilo halirudi kuwa pipi. Liongeze krimu ya moto, ufanye sosi. Kwa sababu hiyohiyo mimi situmii ladha ya peremende iliyotengenezwa kwa maji na alkoholi. Tumia mafuta ya peremende ya kuliwa (yale ya kujipaka na kunusa hayafai): matone matano, onja, na usizidi manane. Yakizidi, utadhani unakula dawa ya meno.

Mwaga nyeusi kwenye trei yenye karatasi ya kuokea, isambaze. Sasa subiri, maana hapa ndipo tabaka huungana au hukosana. Gusa uso wake kwa kidole: unatakiwa uache alama hafifu bila kidole kuchafuka. Ikishakauka kabisa ndani ya friji, inasinyaa na nyeupe haitaishika. Ikiwa bado mbichi, rangi zitachanganyikana.

Nyeupe inaandaliwa vivyo hivyo, ila huungua upesi: usipite nyuzi 43, na uimwage ikiwa 28 au 29. Pipi uwe umeshaziponda na kuzichekecha, kwa kuwa unga wake hunyonya unyevu na kuacha mabaka yanayonata. Nyunyiza vipande mara moja, kandamiza kidogo kwa kiganja.

Chumba kikizidi nyuzi 25, weka trei kwenye friji dakika kumi tu. Ukitaka miraba, kata ikiwa nusu ngumu kwa kisu kilichopashwa moto na kukaushwa. Vinginevyo vunja kwa mkono baada ya saa mbili.

Weupe ukijitokeza baadaye, usugue kwa kidole cha joto. Ukiyeyuka na kupotea, ni mafuta: joto halikutunzwa. Ukibaki mkavu wenye mikwaruzo, ni sukari iliyolowa na kukauka tena, kwa kawaida kwa sababu kopo lilifunguliwa likiwa bado baridi kutoka kwenye friji. Liache lipate joto la chumba kwanza. Hifadhi kwenye kopo lisilopitisha hewa, kwa wiki mbili hivi kabla vipande vya pipi havijaanza kulainika, na mbali na chokoleti nyingine, la sivyo zote zitanukia peremende.