Je, darubini za redio hunasa mata nyeusi yenyewe?

Huenda ukadhani kuwa mawimbi ya redio yasiyoelezeka kutoka katikati ya galaksi ni mata nyeusi yenyewe, yaani maada isiyoonekana inayojulikana kwa mvuto wake tu. Lakini mata hiyo haionekani kutoa mawimbi. Kinachotafutwa ni athari: kwa nadharia moja, chembe zake zikikutana huangamizana na kuzaa elektroni na positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya). Elektroni yenye nishati ya elektronivolti bilioni 10, ikizunguka kwenye uga dhaifu wa sumaku wa mikrogausi 1 (sehemu moja ya milioni ya gausi, kipimo cha uga wa sumaku), hutoa redio ya takriban gigahezi 1. Tatizo ni kwamba masalia ya supanova (nyota zilizolipuka) na palsa (masalia ya nyota yanayozunguka kwa kasi) nazo hutoa mawimbi kama hayo, ndiyo maana galaksi kibete, yaani ndogo, kama Draco, isiyo na gesi ya maana ya kuunda nyota mpya, hupendelewa. Ukisoma habari za ugunduzi, angalia kwanza uga wa sumaku uliotumika katika hesabu, kwa kuwa mawimbi hutegemea uga huo: mara nyingi umekisiwa tu, haukupimwa.