Sauti ya Goku ni ya bibi wa miaka karibu tisini

Wengi wanaoangalia katuni ya Dragon Ball kwa Kijapani huamini kwamba Goku, yule mpiganaji mwenye misuli kama mizizi ya mbuyu, ametiwa sauti na mwanamume. Sivyo. Ni Masako Nozawa, mwanamke aliyezaliwa Oktoba 1936.

Amekuwa Goku tangu katuni hiyo ianze kurushwa mwaka 1986, Goku akiwa bado kitoto chenye mkia. Mtoto alikua, akaoa, akapata wana wawili, Gohan na Goten, na sauti za hao wawili pia akapewa yeye. Baba akimwita mwanawe na mwana akiitika, unamsikia mtu mmoja. Sikiliza vizuri: Goku mtu mzima ana ukwaruzo kidogo kooni, Gohan mdogo ni laini, karibu alie.

Wapo wanaodhani mwanamke aliwekwa kwa kukosekana mwanamume. La hasha. Japani wanawake wametia sauti za wavulana kwa miongo mingi, kwa sababu iliyo wazi: mvulana halisi akibalehe sauti huvunjika, na mhusika anapotea katikati ya hadithi. Nozawa mwenyewe alikuwa Kitaro, mvulana wa mizimwi katika katuni nyingine, mwaka 1968.

Wala hakuanzia kwenye katuni. Aliigiza filamu tangu utotoni, kisha jukwaani. Mwaka 2024, katika Dragon Ball Daima, Goku alirudishwa utotoni, na aliyempa sauti ni yeye yule. Mimi nastaajabu kila nikimsikia.