Kaida za kijamii katika afya ya uzazi: kwa nini elimu peke yake haitoshi

Mhudumu wa afya anaweza kumweleza mwanamke aliyeolewa karibuni kila njia ya uzazi wa mpango, kuanzia vidonge vya majira na sindano hadi kijiti na kitanzi. Mwanamke akaelewa vizuri, akavutiwa na njia moja, kisha akarudi nyumbani mikono mitupu. Elimu imemfika. Lakini anajua pia kwamba mama mkwe anahesabu miezi tangu harusi, mawifi wanamwangalia tumbo, na majirani wana jina tayari kwa mke anayemaliza mwaka bila kushika mimba. Kinachomzuia ndicho kinachoitwa kaida ya kijamii, na programu nyingi za afya ya uzazi hukwama hapo kwa kudhani tatizo ni ujinga.

Kaida ya kijamii ni mwenendo ambao mtu anaufuata kwa sababu anaamini mambo mawili: kwamba watu anaowajali wanaufuata, na kwamba watu hao hao wanamtarajia naye aufuate. Ufafanuzi huu umejengwa zaidi na mwanafalsafa Cristina Bicchieri, mzaliwa wa Italia anayefundisha Marekani. Humo hamna sharti la mtu kuupenda mwenendo wenyewe. Anayechemsha maji ya kunywa kwa kuogopa homa ya matumbo atayachemsha hata kama mtaa mzima hauchemshi. Huo ni uamuzi wake na afya yake. Anayejifunga khanga kwenda msibani anajua ataulizwa asipojifunga. Huyu wa pili ndiye anayefuata kaida. Na nyuma ya kaida huwa kuna malipo: sifa kwa anayetii, na kwa anayekiuka, kusengenywa, kurudishwa kwao, au kuletewa mke mwenza.

Wanaomtarajia mtu afuate kaida si jamii yote. Ni kundi dogo ambalo neno lao lina uzito kwake. Kwa bibi harusi ni mama mkwe na mawifi. Kwa kijana wa miaka 18 ni wenzake wa kijiweni. Kwa binti wa Mtwara au Lindi aliyechezwa unyago, kungwi ana neno ambalo muuguzi hana. Programu inayomwandama binti kwa vipeperushi na kumwacha kungwi pembeni inazungumza na asiye na maamuzi.

Zaidi ya hayo, kundi hilo linaweza kuwa linamtarajia jambo ambalo kwa siri halilitaki. Mume mmoja anaona ni vizuri watoto wapishane miaka mitatu, lakini ananyamaza kwa kuwa anaamini wanaume wenzake watamwona ametawaliwa na mkewe. Jirani yake anawaza vilevile na kunyamaza vilevile. Kila mmoja anausoma ukimya wa mwenzake kama ridhaa, na kaida inaendelea kuishi ingawa waumini wake wamepungua. Wanasaikolojia Deborah Prentice na Dale Miller walilionyesha jambo hili mwaka 1993 kwa wanafunzi wa chuo cha Princeton: wengi walidhani wenzao wanaufurahia ulevi wa chuoni kuliko wao wenyewe.

Ndiyo maana kuzungumza hadharani kuna nguvu ambayo ushauri wa chumbani hauna. Mwaka huohuo wa 1993, Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa kuigiza wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili watafiti waweze kulinganisha. Katika maeneo yaliyousikia, matumizi ya uzazi wa mpango na mazungumzo kati ya mume na mke yaliongezeka kuliko Dodoma, na Dodoma nayo ikafuata mchezo ulipoanza kusikika huko mwaka 1995. Kwangu mimi kilichofanya kazi ni kwamba watu walisikia mchezo mmoja wakijua majirani nao wanausikia, wakapata pa kuanzia kulizungumza jambo ambalo awali kila mmoja alilibeba peke yake.

Ukeketaji unaonyesha hili kwa ukali zaidi. Mzazi anayeamini kwamba binti asiyekeketwa hataolewa hawezi kuacha peke yake, hata akijua madhara yote. Nchini Senegal, wanawake wa kijiji cha Malicounda Bambara walitangaza mwaka 1997 kwamba wameacha. Imamu wa kijiji cha Keur Simbara, Demba Diawara, akaliona pengo: familia zinaoana kati ya kijiji na kijiji, hivyo kijiji kimoja hakiwezi kujiamulia. Alitembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji kwa ndugu zake kuzungumza nao, na mwaka 1998 vijiji 13 vikatoa tamko la pamoja huko Diabougou. Mzee huyu alilitambua kundi lenye uamuzi, na hakuhitaji dodoso kulijua. Nchini Kenya, huko Tharaka, mwaka 1996 familia zilianza kutumia unyago mbadala ulioitwa Ntanira na Mugambo, yaani kukeketwa kwa maneno: mabinti wanakaa faraghani, wanafundwa, kisha wanatolewa kwa sherehe mbele ya watu wote. Heshima ya kuwa mtu mzima ilibaki, kisu kikaondolewa.

Lakini si kila kaida ni ya kuvunjwa. Kwa jamii nyingi za Tanzania, wazazi wanaopata mimba nyingine mtoto akiwa bado ananyonya huambiwa wamembemenda mtoto, yaani wamemdhoofisha kwa kutopisha uzazi, na ni aibu kubwa. Aibu hiyo imewasaidia wengi kupisha uzazi. Aibu hiyo hiyo humfanya mama wa mtoto aliyekonda amfiche ndani badala ya kumpeleka kliniki, kwa kuogopa macho ya wanawake wenzake. Anayeingia kijijini na orodha ya mila potofu za kufuta hataiona pande zote mbili.

Na programu yenyewe inaweza kuzaa kaida mbaya. Mfano unaoniuma ni wa wanaume kliniki. Nia ilikuwa njema: mwenza aje hudhurio la kwanza la ujauzito, wapime virusi vya UKIMWI pamoja. Sehemu nyingine likageuka sharti, na mwanamke aliyekuja peke yake akaambiwa kwanza alete barua ya serikali ya mtaa au ya kijiji. Aliyeachwa, aliyekataliwa mimba, ambaye mumewe yuko machimboni, wote wakaanza kuhudhuria wamechelewa, na wengine wakamwomba dereva wa bodaboda aingie nao kama mume. Kaida ya mume kumjali mkewe haikukua kwa njia hiyo. Kilichokua ni mzigo wa mwanamke.

Niger walipita njia nyingine. Tangu mwaka 2007, katika eneo la Zinder, Shirika la Umoja wa Mataifa la Idadi ya Watu limesaidia kuanzisha shule za waume. Hakuna mwalimu wala ada. Wanaume wa kijiji hukutana mara mbili kwa mwezi na kujadili kwa nini wanawake wao hawajifungulii kituoni na wafanye nini. Ili kukubaliwa, mwanaume lazima awe ameoa, na mkewe awe tayari anatumia huduma za afya ya uzazi. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye akili: wanaowashawishi wengine ni wanaume ambao kijiji kinawaona kila siku wakifanya lile wanalolisema.